Ng'ombe Asiye na Mtoaji

Jumatano, 8 Oktoba
Maghala ya Masoro tena, hapa Kigali. Magunia ya unga kwenye lori langu kutoka ghala hili hadi lile, kutwa nzima. Mgongo umegoma. Mdomo bado unafanya kazi.

Jioni mkutano wa klabu yetu ya kujitolea. Banda la ng'ombe la bibi Verediana, mukecuru kama wazee wa kike wanavyoitwa hapa, kule nyuma ya Kanombe, tumemaliza kulijenga. Misumari iliyonyooka ni yangu, iliyopinda ni ya wenzangu. Mukecuru ni mjane, analea wajukuu, na yule wa mwisho amekonda kama ufito. Jumamosi tunampelekea ng'ombe mwenye mimba. Akizaa, nyumba ile itapata maziwa.

Madam Josiane, mwenyekiti wetu, mtu wa ofisi za serikali kule Kacyiru, akauliza nani anajua ng'ombe. Nikasimama. Nikasema mimi nimekulia Karagwe, Tanzania, nimelala kitanda kimoja na ndama. Wakapiga makofi.

Kweli ni kwamba niliacha shule na ng'ombe wa baba siku moja, nikawa tingo wa malori. Nimefika Mombasa, Lubumbashi, Bujumbura. Ng'ombe nimewaona sana. Kwenye kioo cha pembeni.

Jumamosi, 11 Oktoba
Aibu. Aibu yenye bango na fulana za rangi moja.

Tulifika kwa mukecuru kama harusi. Hotuba tatu. Kamera. Mimi nimeshika kamba, kifua mbele, picha zinapigwa. Mukecuru akamzunguka ng'ombe, akampapasa shingo, macho yakamlowa. Halafu akauliza, "Hii ng'ombe iko ya nani?"

"Ya klabu, mama," Madam akajibu.

"Klabu iko nani?"

Madam akaeleza: wanachama, kamati, katiba. Mukecuru akasikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu kutuzidi sote.

"Ikiugua nitaita nani? Ikizaa nitapelekea nani habari? Na nikifa mimi, klabu italia?"

Akatukaribisha tuketi, akatupa uji wa mtama, akakataa ng'ombe. Kwa upole kabisa. Ng'ombe anatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, akasema, na hao wawili hawaachani tena. Bango haliwezi kuwa rafiki yake.

Kila mtu hapa Kigali anajua hivyo, hata mtoto. Tulipanga fulana, tukapanga soda, tukapanga nani asimame wapi kwenye picha. Mtoaji tukamsahau.

Ng'ombe akarudi nasi. Akapelekwa wapi? Kwa mtaalamu wa Karagwe.

Jumatatu, 13 Oktoba
Amekula kitenge cha mke wangu kwenye kamba. Kile cha kanisani.

Odeta hasemi nami. Anasema na ng'ombe, tena vizuri. Mwenye nyumba naye kaja, kachungulia, kanipa mpaka Jumapili. Akaniuliza kama nilimwelewa aliponikataza kufuga mbwa.

Nimempa ng'ombe majani ya ndizi. Kanitazama kama afisa wa forodha anavyotazama karatasi pungufu.

Jumatano, 15 Oktoba
Mchana nilipita na gari kwa mukecuru. Sikusimama. Alikuwa anafagia lile banda tupu. Hamna hata unyasi wa kufagia, na anafagia. Nikachukia. Sijui nilimchukia nani.

Jioni mkutano. Ajenda moja: nani awe mtoaji. Sijawahi kuona watu wakarimu wakiogopa hivi. Maana mtoaji wa ng'ombe si wa picha. Mukecuru akilazwa, unakwenda. Mjukuu akiolewa, unakaa mbele na huendi mkono mtupu. Akikuita, huna simu iliyozimika.

Mhasibu akampendekeza daktari wa meno. Daktari akasema heshima hiyo inamzidi, apewe Madam. Madam akasema huenda atahamishwa kikazi. Kuhamishwa wapi? Hakujua bado. Ghafla klabu nzima inahama.

Mkono wangu ukapanda. Naapa ulipanda wenyewe.

"Wewe?" Madam akasema. "Wewe hata kwenye mkutano unachelewa."

"Nachelewa, Madam, lakini nafika."

Odeta nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. Basi tumepatana.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimetoka jasho kuliko siku ya harusi yangu.

Hakuna bango. Mimi, Odeta, Madam, na wanachama wachache nyuma kama washtakiwa. Nikamkabidhi mukecuru kamba. Hakuipokea. Anangoja. Odeta akanifinya: msifu ng'ombe! Ng'ombe hatolewi kimyakimya, anatolewa kwa sifa zake. Na mimi sifa za ng'ombe sijui hata moja.

Sifa za lori najua zote.

Nikafumba macho. Nikasema huyu ni mwenye taa mbili za mbele zinazopasua ukungu. Ndiye apandaye mlima wa Shyorongi na mzigo wote bila kushusha gia. Matairi yake hayajui pancha, honi yake inaamsha mizani ya malori mpakani Rusumo, tangi lake likijaa kijiji kizima kinakunywa. Nikapandisha sauti. Nikaweka na breki.

Nikafumbua macho. Madam amejificha nyuma ya mkoba. Mukecuru anatetemeka. Nikadhani nimeharibu. Kumbe ni kicheko, kimembana mpaka anashika nguzo ya banda.

"Huyu," akasema akijifuta macho, "huyu iko mtu."

Akapokea kamba.

Jumapili, 26 Oktoba
Baada ya misa nimekwenda peke yangu na mzigo wa nyasi. Klabu haijui. Mukecuru alikuwa ameketi mlangoni mwa banda, yule mjukuu mwembamba amelala miguuni pake.

Akaniuliza baba yangu aliitwa nani. Hapa Kigali hajaniuliza mtu. Nikasema Gasana, amezikwa Karagwe. Akalirudia jina taratibu. Kisha akamgeukia ng'ombe akamwambia, mwana wa Gasana amekuja.

Sikupata la kuchekesha. Nikakaa pale mpaka nyasi zikaisha.