Maganda ya Maji Mawili

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mlimau wa uani umezaa sana, nami nimepika sharubati nzito ya maganda yake chupa kumi. Unakumbuka mama alivyokuwa akikugombeza? Maganda huchemshwa na kumwagwa maji mara tatu ili uchungu utoke. Wewe, kwa kukosa subira, uliishia mara mbili.

Juzi shemeji yako karudi safari ya kikazi na chupa ya sharubati, eti kanunua dukani. Nilionja tu, nikaujua mkono wako. Mimi niliyekubeba mgongoni! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Barua hii anakuletea yeye, bila kujua, ndani ya begi. Nimemfungashia nguo zote, hadi za baridi. Usimrudishe.

Ni mimi dada yako, wa maji matatu.