Asante Niliyomnyima Ambilikile

Mansfield, Texas
Jumamosi, siku ya pili baada ya Thanksgiving

Kwako dada yangu Avelina,

Habari za Tukuyu na mvua zenu? Goti la mama linaendeleaje, na yule ng'ombe mkorofi ameshazaa? Wanao nawasalimu mmoja mmoja, hasa huyo mdogo niliyemwacha akitambaa. Sisi huku tunalala na kuamka. Wilfred yuko kazini hata leo, na Kanana amerefuka mpaka anavaa viatu vyangu bila kuomba. Ningesema hatujambo niishie hapo, lakini wewe hujawahi kuniamini nikilisema neno hilo haraka.

Najua Ambilikile ameshakupigia simu. Najua pia alivyokueleza, maana mdogo wetu akiumia hueleza vizuri. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Ningekutumia sauti kwa WhatsApp, ila simu yako inashikwa na watoto, na mama husikiliza kila kinachotoka humo. Naserian, rafiki yangu wa kazini, anasafiri Jumatatu kwenda Arusha kwenye harusi ya mdogo wake. Ataituma barua hii kwa basi. Isome peke yako. Na ukae chini kwanza, usisome umesimama jikoni kama kawaida yako.

Thanksgiving nimeshakusimulia: Alhamisi moja ya Novemba watu wa huku hukusanyika, ndugu kwa ndugu, wakala bata mzinga. Na sisi tumeiga, ila bata mzinga wetu hakai mezani bila pilau langu na chapati za Wilfred. Shida yangu si chakula. Shida ni ule mzunguko: kabla nyama haijakatwa, kila mtu anataja anachokishukuru. Unamkumbuka baba? Sala ilikuwa ya Mungu, na ilikuwa mwanzo. Lakini mpishi alishukuriwa mwisho, sahani zikiwa tupu. Ukitanguliza asante, baba alikuuliza unashukuru nini na hata hujaonja. Huku asante inatangulia, chakula kinapoa.

Miaka mitatu sasa, zamu yangu ikifika kila mtu anajua nitakachosema. Nasimama, namgeukia Ambilikile, namshukuru kwa figo aliyonipa. Wageni wanafuta machozi. Yeye anainamisha kichwa, kisha anainua shati kidogo ili wauone mshono. Mara ya kwanza nililia kwa kweli. Mara ya pili nililia kwa sababu walikuwa wanasubiri nilie.

Sisemi alichofanya ni kidogo. Alilazwa kwenye meza ya upasuaji pale Houston akiwa mzima wa afya. Akapoteza kazi yake ya ghala kwa sababu hakuruhusiwa kubeba mizigo, na mpaka leo anaishi kwenye vile vyumba vya Gulfton, hapo hapo Houston, ukuta kwa ukuta na majirani, akihudumia wazee wa watu zamu juu ya zamu. Lakini tangu siku ile mimi si dada yake tena. Nimekuwa nyumba aliyoijenga, anakuja kuikagua. Asubuhi anapiga simu kuuliza kama nimekunywa dawa, jioni anauliza tena, nikichelewa kujibu anampigia Wilfred. Akiniona na chipsi ananipokonya mbele za watu. Tukibishana, hata kuhusu mpira tu, ananitazama tumboni. Utambishia nini mtu anayekutazama tumboni?

Alhamisi alifika mchana, uso ameukunja kwa foleni ya barabarani, mkononi deli la barafu. Hata hajaketi akauliza, "Dada, ume-take dawa za asubuhi?" Nikamwambia nimekunywa. Akaenda kabatini kukagua chupa za vidonge. Wilfred akanitazama, nikamfanyia ishara anyamaze.

Tulikuwa watano mezani, sisi watatu wa nyumbani, yeye na Naserian. Tangu asubuhi nilikuwa naomba ule mzunguko usahaulike. Nani wa kusahau? Kanana ndiye aliyeuanzisha, kwa Kiingereza chake, akashukuru kwamba mama yake yuko hai. Naserian akashukuru kwa harusi ya mdogo wake. Wilfred akasema anashukuru kwa siku ya leo, akanywa maji. Kisha wote wakanigeukia.

Nikasema tuleni, chakula kinapoa.

Ambilikile alicheka, akidhani natania. Akasubiri. Nilipochukua kisu nianze kukata nyama, akasema hakuja kudai kitu, ila neno moja tu, neno moja, linanishinda nini? Nikapandwa na hasira, dada. Nikamwambia nimechoka kumshukuru. Nikinywa maji namshukuru, nikienda msalani namshukuru, na kama alinipa figo ili anishike kiganjani basi angebaki nayo. Ndiyo, nilisema hivyo, tena mbele ya mtoto.

Alisimama, akakunja kitambaa chake taratibu kama mtu aliyekwisha kula, akachukua funguo. Wilfred alimfuata hadi kwenye gari, akarudi peke yake. Kutoka hapa hadi Houston ni safari ya saa nne na zaidi, na hakuwa ameonja hata punje ya wali. Tangu hapo simu zangu hapokei.

Hayo ndiyo aliyokueleza, na yote ni kweli. Sasa nikwambie asilolijua.

Figo yake inakufa. Jumatatu ya wiki hii hii daktari alituketisha mimi na Wilfred akatuonyesha majibu: mwili wangu umeanza kuikataa. Nilimuuliza nilikosea wapi, dawa gani niliiruka. Akasema sikukosea popote, hutokea. Watajaribu dawa nyingine, lakini hatarajii kwamba itafika mbali. Huenda mwakani nirudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Wilfred alitaka nimwambie Ambilikile siku ile ile. Nikakataa. Ningesimamaje mezani kumshukuru kwa kitu kinachonifia tumboni, na yeye ameinua shati? Nilijua nikifungua mdomo kusema asante, litatoka lile jingine, mbele ya bata mzinga na mtoto. Nikaona bora nimuudhi. Wala usidhani nilikuwa naigiza. Uchovu ule ni wa kweli, na hofu ni ya kweli, na vyote vilinijaa mdomoni kwa pamoja.

Jana nilifungua lile deli alilolisahau. Ndani mlikuwa na bakuli la kande, limebandikwa jina langu na maneno mawili: bila chumvi. Alipika mwenyewe Gulfton, akaloweka maharage na kumwaga maji kama tulivyofundishwa hospitalini, kisha akalisafirisha kwenye barafu njia nzima ile. Nilikula nimesimama mbele ya friji, nalia, mpaka nikakwangua.

Nilipokuwa na bakuli tupu mkononi ndipo nilipomkumbuka baba na asante yake ya sahani tupu. Nikaanza kufikiria figo ile imenilisha nini. Niliweza kupanda ndege kuja kumzika baba. Kanana alijifunza kusoma Kiswahili akiwa mapajani mwangu. Wewe ulinifungulia mlango ile Krismasi ukapiga yowe mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba mwingine. Hayo yote nimeshayala, dada. Hakuna atakayeyarudisha hospitalini.

Najua umefika hapa umeanza kujishika kiuno. Vipimo vilisema hata wewe unafaa, na kama usingekuwa na mimba wakati ule ungetoa wewe. Acha. Sikukuandikia kwa sababu hiyo, na ukilitaja kwenye simu nitakata. Ninayokuomba ni haya: mama asijue mpaka nimwambie kwa mdomo wangu, na Ambilikile akikupigia usimgombeze kwa ajili yangu.

Kesho baada ya ibada naendesha mwenyewe kwenda Houston. Wilfred alitaka kunisindikiza, nimemkatalia. Ambilikile asipofungua nitakaa kwenye ngazi zao mpaka arudi kutoka kazini, majirani wanishangae wapendavyo. Nitaanza na asante, ndipo nimpe habari. Naogopa, dada. Naiogopa sura yake atakaposikia kuliko ninavyoiogopa ile mashine. Ukiisoma barua hii nitakuwa nimeshakwenda na kurudi, kwa hiyo usiniombee niende salama, niombee tuwe tumepatana.

Mpe mama salamu zangu, umwambie nimenenepa, atafurahi. Wilfred na Kanana wanakupa mkono. Shemeji naye nimsahau vipi, mwambie kahawa yake ilifika na imekwisha.

Bakuli la kande nimeliosha, liko tayari kwenye kiti cha mbele cha gari. Mama alitukataza kurudisha chombo cha mtu kitupu, hata limau moja tulitia. Hiki nakirudisha kitupu. Nataka akione.

Ni mimi mdogo wako,
Glory