Ikoni Ikiitwa Majina Mawili

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkasi tena. Mara ya tano leo. Wa simu uwe mnene, wa tableti uwe wa mistari myembamba, wa kompyuta uwe na rangi. Mkasi mmoja, sura tatu. Ikoni kumi na mbili mara tatu, thelathini na sita. Nimemaliza tisa.

Ndiyo kazi niliyopewa hapa Kagugu: kuchora ikoni za ule mstari wa vitufe wa juu katika programu ya mafundi cherehani, ya kutunza vipimo na oda. Majaribio ya wiki tatu. Tarehe 24 wataniambia kama nabaki. Nataka kubaki. Nataka mno, hadi naona aibu kuliandika.

Tangu asubuhi sijasema neno isipokuwa "ndiyo".

Jumanne, 7 Oktoba

Niliuliza kwa nini tatu. Niliuliza kwa ujumbe wa simu, ingawa Eric anakaa meza ya pili kutoka kwangu. Ndiye mkuu wa wabunifu. Amekulia Kampala, anaongea haraka. Akajibu kwa mdomo, ofisi nzima ikasikia. Mtu akinunua simu, picha za simu yake ameshazizoea. Programu ikija na picha zake yenyewe inaonekana mgeni, na mgeni anaogopwa.

Ina maana. Nikachora.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimetumwa mtaa wa Batsinda, kuweka programu kwenye karakana ya Mama Zubeda. Mafundi sita. Tableti iko juu ya meza ya kukatia. Simu iko mlangoni, wanapopimia wateja. Kompyuta ya zamani iko dirishani, karibu na pasi. Hakuna mwenye chake. Aliye karibu ndiye anayebonyeza. Asiyejua anauliza kwa sauti, anayejua anajibu bila kuinua macho, maana mikono yake ina kitambaa.

Mama Zubeda, pini mdomoni, alikuwa mezani akimwelekeza Claudine, fundi aliyekaa kwenye kompyuta, namna ya kutuma oda.

"Bonyeza kisanduku chenye mshale."

"Huku hakuna kisanduku, Mama. Iko bahasha."

"Bahasha ya nini? Nimekutuma posta?"

Wakacheka hadi cherehani zikasimama. Nami nilicheka. Njiani kurudi sikucheka. Kisanduku nilikichora mimi. Bahasha pia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Niliifanyia mazoezi sentensi moja tangu nyumbani: wanaelekezana kwa mdomo, kwa hiyo picha ziwe moja kila mahali. Nikaisema. Eric hakuinua kichwa.

"Watazoea, sha."

Si "sha", hiyo ni "rafiki" tu ya Kinyarwanda. Nalichukia hilo "watazoea". Shuleni pia waliniambia nitazoea kusimama mbele ya darasa. Sikuzoea. Nilijifunza tu kunyamaza vizuri.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama Zubeda alipiga simu ofisini. Nikatumwa mimi.

Ni kanzu za kwaya ya watoto. Claudine alitaka kutuma vipimo kutoka kwenye kompyuta kwenda mezani. Safari hii Mama Zubeda alimwambia abonyeze mshale unaopanda. Kwenye tableti, mshale unaopanda, ule wa kwenye kisanduku, hutuma. Kwenye kompyuta upo mshale kama huo, lakini kazi yake ni kuingiza orodha nyingine. Claudine akabonyeza. Ikaja orodha ya kwaya ileile, ya mwaka jana, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye kompyuta. Programu ikauliza kwa Kiingereza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Ya mwaka huu ikafutika.

Walikata kanzu tisa kabla mtoto wa kwanza hajaja kujaribu. Mikono ikaishia kwenye viwiko. Watoto wamekua.

Claudine alikaa kwenye kiti cha pasi akitazama sakafu. Hakuna aliyemgombeza. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Watapima watoto upya. Kitambaa kilichokatwa kimekatwa.

Mishale yote miwili ni yangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Eric anasema tutaweka onyo kwa Kinyarwanda. Sawa, na liwekwe. Lakini anataka niandike ripoti kwamba ni kosa la mtumiaji. Niandike mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda. Niliandika maneno hayo matatu. Niliyatazama. Nikayafuta.

Sitaandika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ripoti yangu: "Claudine alibonyeza alichoambiwa. Kosa ni la ikoni. Nilizichora mimi."

Eric aliisoma akasimama. "Rehema, wewe si ulikuwa huongei?"

Watu wakacheka. Masikio yaliwaka. Sikuomba msamaha. Madamu, mkuu wa ofisi, alichukua karatasi akaisoma mara mbili. Akasema nimalize seti zote tatu, Ijumaa ijayo zioneshwe, mambo mengine baadaye.

Sitamaliza tatu. Nitachora moja.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimechora siku nzima nyumbani, kwenye meza ya mama yangu, tangu aliporudi kutoka misa ya kwanza. Kanuni niliyojiwekea: nawatumia mafundi picha, kila mmoja aniambie peke yake anaiitaje. Ikoni ikiitwa majina mawili, naifuta.

Imekufa bahasha. Imekufa mishale yote. Ya kutuma sasa ni furushi la nguo lililofungwa kamba, kwa sababu ndivyo kazi inavyotoka meza moja kwenda nyingine pale kwao. Wote sita wamesema "furushi". Nilipopata jibu la sita nilipiga meza kwa kiganja. Mama akauliza kama kuna mende.

Jumanne, 21 Oktoba

Batsinda baada ya kazi. Seti moja kwenye vifaa vyote vitatu. Mama Zubeda alipaza sauti, "Mkasi, halafu furushi!" na Claudine akafanya bila kuuliza. Aliogopa kidogo. Akafanya tena.

Lakini ikoni yangu ya kurudi nyuma ni takataka. Kwenye simu hakuna hata mmoja aliyeigusa. Vidole vilikwenda vyenyewe palepale vilipozoea. Hapo Eric ana haki. Inaniuma. Nimeirudisha ya kila kifaa. Moja kwake, kumi na moja kwangu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Niandike yote.

Eric alionesha michoro ya awali ya seti tatu, aliyoichora mwenyewe, kila moja kwenye kifaa chake. Ni mizuri kuliko yangu. Halafu Madamu akanitazama. Niliwaomba jambo moja: yeye ashike tableti, Eric akae kwenye kompyuta, wapeane migongo, na Madamu amwelekeze Eric kwa mdomo tu namna ya kutuma orodha.

"Bonyeza kisanduku chenye mshale," akasema Madamu.

"Tayari," akasema Eric. Akageuka akitabasamu.

Anazijua zote tatu. Bila shaka anazijua, ni zake! Siku nne nimepanga jaribio na sikuliwaza hilo. Ujinga wangu. Nilitaka sakafu ifunguke.

Nikasema, kwa sauti iliyotetemeka lakini ilisikika, "Umepata kwa sababu zote tatu ziko kichwani mwako. Claudine ana kile anachoambiwa tu." Nikaonesha ya kwangu. Nikaeleza furushi. Nikasema pia ya kurudi nyuma nilikosea.

Eric akasema kwenye maduka makubwa ya ushonaji ya mjini kila mtu ana kifaa chake, na hao hawataki programu inayofanana na daftari la fundi. Si uongo. Madamu akairudisha tableti mezani. Akasema zitakuwa tatu. Akasema nafasi ni yangu, nianze Jumatatu kwa kuzimaliza.

Nilikuwa nimeitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

"Hapana, Madamu. Hizo sitazichora."

Akauliza kama naelewa ninachokikataa. Nikasema naelewa. Nikarudisha kompyuta yao na waya wake. Sikulia hadi nilipopita Batsinda, njiani kwenda nyumbani. Hapo nililia, kisha nikaona sina ninachojutia, nikaacha.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tulizibua mfereji. Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Niliamka saa ileile. Nikamwambia Mama. Akaendelea kuchambua maharage, kisha akauliza, "Uliwatukana?" Nikasema hapana. "Basi kaa, tuchambue."

Saa sita ujumbe kutoka kwa Eric. "Tuma ile seti yako. Madamu anaitaka." Hakusema kwa nini. Hakuna salamu. Faili lipo kwenye simu, kulituma ni kugusa mara moja tu.

Nilimaliza maharage kwanza. Nikanawa mikono. Nikamjibu: "Nitaileta mwenyewe, niieleze kwa mdomo. Kesho saa tatu."

Nje kumetulia. Nimepiga pasi shati.