Kiumbe Anayeachia Mkono

Mama yangu,

Leo nimefundisha somo la viumbe wanaoota viungo upya, na nimelifundisha vibaya. Nilipofika kwa yule nyota wa baharini anayeishi kwenye matumbawe nilikuona wewe kitandani hospitalini kule Embu, nikawaambia wanafunzi wasome wenyewe.

Unaikumbuka ile video? Niliichukua Watamu tulipowapeleka wanafunzi kuona miamba maji yakiwa yamekupwa. Mikono mitano myembamba yenye miiba, inajipinda chini ya jiwe kama vijinyoka. Ukimshika mkono mmoja anakuachia, anajificha, na baadaye mwingine unaota. Wewe kaa la jiko lilikuwa limekuunguza unyayo, na kwa sababu ya ugonjwa wa sukari hukusikia maumivu. Kidonda kilipooza daktari alisema mguu ukatwe. Nikadhani video itakupa moyo. Mwalimu mzima.

Ulitaka niirudie. Halafu ukasema, "Hako kadudu kanaachilia mkono, juu kanajua Ngai atakapatia ingine. Sasa mimi nitapewa nini?"

Baba aligeukia dirisha. Mchungaji aliyekuja kukuona alimwomba huyo Ngai, Mungu wetu, akaaga. Nilikubembeleza kwa Kimbeere na kwa Kiswahili, mwishowe nikalia mbele yako. Ukanipangusa kwa ncha ya leso, ukasema tukurudishe nyumbani Kiritiri, mbuzi hawana mtu. Tukakurudisha. Mtu atamfunga mama yake kamba abaki hospitalini?

Bado nina hasira na wewe. Ulikataa, ukatuacha tukikutazama ukiisha. Kisha nakumbuka daktari mwenyewe alisema "labda" hata ukikatwa, na hasira inakosa pa kukaa. Baba huniuliza kama ungekubali ungekuwa hapa. Namwambia sijui, na kesho yake ananiuliza tena.

Yule msichana wangu wa pili, mwenye jina lako, siku hizi anakimbia. Baba akija kwetu Makutano humwita "mke wangu" kwa ajili ya jina hilo, naye mtoto humwagiza babu yake maji ya kunywa. Viatu hataki kabisa. Kila jioni namkalisha kwenye beseni, namwosha miguu, nageuza nyayo zake kwenye mwanga nikitafuta kidonda. Hana ugonjwa wowote, amepimwa. Natafuta tu. Yeye anacheka, anasema, "Mami, unanitekenya," anauvuta mguu wake. Nami naushikilia.

Pumzika, Mama.

Ni mimi, binti yako.