Nyota ya Mkia na Jicho Langu la Kulia

Garsen, nyumbani kwa mwanangu Mwanaesha

Kwa mdogo wangu Hawa, huko Kau,

Pokea salamu zangu hata kama umenikasirikia, maana najua umenikasirikia. Goti lako linasemaje? Mpunga umetoka, au viboko wamekwisha kuula? Mimi chakula napata, usingizi napata, na kitoto cha Mwanaesha kinanenepa mpaka mikono imefanya mikunjo. Jambo moja tu si zima, nalo ndilo la barua hii. Siji na mtumbwi wa mwezi huu. Nakwenda Mombasa kukatwa jicho. Kaa chini, usipige kelele, umwache anayekusomea aendelee.

Anayeniandikia ni mkwe wangu Komora, mume wa Mwanaesha. Yeye yuko barazani, kanipa mgongo. Mimi niko ndani, ukuta uko katikati, kama inavyowapasa mkwe na mama mkwe. Nasema, nasikia kalamu ikikwaruza. Ikinyamaza kabla sijanyamaza mimi, najua ameruka neno, namwambia Mwanaesha, "Mwambie mumeo arudi pale alipokimbia." Kwa hivyo haya yote ni maneno yangu, hata yale ya kumsifu yeye. Ataona haya kuyaandika, na atayaandika.

Sasa sikia. Siku hizi jua likishazama, upande wa machweo, kulia kidogo, inatoka nyota yenye mkia. Watu wa hapa wanaacha sahani zao na kutoka nje. Wako wanaosema italeta njaa. Njaa tumeiona mara ngapi, mimi nawe, na wala hapakuwa na nyota yoyote juu yake? Mimi naipenda tu. Ni nzuri, basi.

Komora anafanya kazi na wale wanaopima ardhi ya kando ya mto. Yeye ndiye anayevuta mnyororo wa vipimo. Bwana mpimaji ana darubini mbili. Moja ni ya macho mawili, yaning'inizwa shingoni. Ya pili ni ya jicho moja, imesimama juu ya miguu mitatu kama kigoda. Juzi bwana huyo aliwaruhusu watu wake wa kazi walete jamaa zao waitazame nyota. Komora akamwambia mkewe, "Mwambie na mama aje." Hawa, nani amewahi kuniita mimi kutazama kitu? Kupika, naitwa. Kuzalisha, naitwa. Kutazama! Nilivaa kanga mpya.

Nikapewa kwanza ile ya macho mawili. Subhanallah! Kwa macho matupu nyota ile ilikuwa kama mtu amefuta kiganja chenye unga juu ya kaniki. Kumbe ina kichwa, kinang'aa, rangi ya samli, na mkia unapanda juu, mpana, laini, hata nyota ndogo zinaonekana ndani yake kama taa nyuma ya chandarua. Nikanyamaza. Wewe wanijua, mimi kunyamaza ni mpaka niwe na kitu mdomoni.

Mama Buya, yule Muorma anayetuletea maziwa, akaninyang'anya darubini. Akatazama, akatazama, akasema, "Mkia mzuri. Lakini ng'ombe asiye na maziwa mimi simfuati."

"Basi nirudishie," nikamwambia. "Wewe hata peponi utaulizia malisho."

Ikaja zamu ya ile ya miguu mitatu. Komora akailenga, kisha akaenda zake hatua kumi, akageuka pembeni. Maneno yakawa yanapitia kwa mkewe.

"Mwambie mama aweke jicho kwenye kile kioo kidogo, asiiguse."

"Mama, usiiguse."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

Kitu cha heshima mimi nakipokea kwa kulia, hata chai. Basi nikaweka jicho la kulia, nikafumba la kushoto. Hakuna kitu. Na si giza, Hawa. Ilikuwa kama kutazama ndani ya tui.

"Mwambie mumeo chombo chake kimekufa."

Mimi nikaondoka, Komora akaja akachungulia, akarudi kule kule. "Mwambie imo, katikati kabisa."

Nikaweka tena. Tui.

Mara tatu tukapishana hivyo. Yeye akija mimi natoka, mimi nikija yeye anatoka, na watu wameanza kucheka. Bwana mpimaji mwenyewe akafuta vioo kwa leso yake. Lau mkwe wangu angesimama karibu nami angeona kosa mara moja, lakini haya ilimweka mbali, na Mwanaesha yeye macho yake yako juu mbinguni, mtoto anamteleza mgongoni. Mama Buya ndiye aliyekuja akanishika kidevu kama ananikagua meno.

"Dada, wafumba lipi?"

"La kushoto."

"Fumba hilo jingine."

Nikafumba la kulia, na nyota ikaniingia yote. Kubwa! Kichwa kama kiini cha yai, mkia umening'inia chini kama ndevu za mzee, maana darubini ile hupindua kila kitu kichwa chini. Nikacheka peke yangu. Nikasema, aliyekitengeneza kitu hiki na akakitundika mbali hivi hakunisahau mimi, kanileta nikione.

Kisha nikaelewa. Nikatoa uso pale, nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikamtazama Mwanaesha. Tui. Nikamtazama mtoto. Tui. Jicho langu la kulia limekufa, mdogo wangu, wala sijui tangu lini. Chai niliyokuwa nikiimwaga nje ya kikombe, paka niliyemkanyaga, nilisema ni uzee, nilisema ni moshi.

Kicheko kikaisha. Na Komora, ambaye miaka tisa hajanisemesha neno ila kupitia mkewe, akauelekeza uso wake mtoni akasema, "Mama, hospitali iko."

Asubuhi yake dresa wa zahanati alinifunua kope. Ni mtoto wa jicho. La kulia limekomaa, la kushoto linaanza. Mombasa wanamtoa. Najua utaniambia nirudi kwa yule mtu wenu wa majani. Mama yetu alitiwa majani yale yale, na mwisho akawa anatupapasa nyuso ajue yupi ni yupi. Usinitajie.

Lori la magunia linaondoka Alhamisi. Mimi nitakaa mbele na dereva, Komora juu ya magunia, na heshima zetu zitafika Mombasa salama. Amesema atalala nje ya hospitali mpaka nitoke. Naogopa, Hawa. Kisu ndani ya jicho! Lakini baada ya kuona kile nilichokiona, siwezi tena kukaa nikingoja tui.

Kalamu imenyamaza. Mwanaesha! Mwambie aandike: mkwe huyu ni mtu, na aliyemzaa hakupata hasara. Haya, inakwaruza.

Nisalimie mumeo, umwambie apunguze tumbaku. Nisalimie kaka yetu fundi wa mitumbwi, mjane wa yule kaka wa kwanza, na mwalimu wa chuo cha Kurani anayekusomea haya. Aniombee dua Alhamisi.

Nawe, leo jua likizama, toka nje utazame machweo. Funika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Usifanye haraka, na usimdanganye mtu. Kisha uniandikie umeona nini kwa kila moja. Sisi tulizaliwa na mama mmoja.

Ni mimi dada yako Mwanakombo, na hiki hapa chini ni kidole changu.