Ndege Aliyeitwa kwa Nchi za Watu

Baba yangu,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu tangu baada ya alasiri, na hili ndilo neno pekee lililokubali kutoka. Leo umetimia mwezi wa nane tangu tukuzike hapa Ibra na sijakuandikia hata mstari. Ungekuwapo ungeishika kalamu nyekundu ukaniambia barua iliyochelewa haina haja ya visingizio, iingie moja kwa moja kwenye maneno yake. Basi naingia, ila niwie radhi nikizunguka kidogo, maana ninapokwenda ni pabaya.

Nyumba ipo. Shangazi Zuwena amehamia chumbani kwako, na kiangazi chote alilalamika joto utafikiri Unguja tulikuwa tunalala juu ya barafu. Umeme umefika mtaani, nguzo wameichimbia pale pale ulipokuwa ukiweka kiti chako cha kusomea. Shangazi akanunua feni. Siku ya kwanza ilipowashwa vikaratasi vyako viliruka chumba kizima, tukavikimbilia mimi na yeye kama watu wanaokamata kuku. Nimevifunga kwa uzi nikavitia ndani ya kopo la biskuti. Sijatupa hata kimoja. Nakwambia mapema kwa sababu hilo ndilo jambo moja nililolifanya sawasawa.

Vikaratasi vya "turkey". Nikilitaja neno hilo siku hizi watu hudhani nasema habari za nchi. Nani mwengine katika bonde hili lote anajua kwamba mwalimu wa Kiingereza kutoka Unguja, aliyeshuka Oman na sanduku moja na mwavuli, alitumia miaka yake ya mwisho kulifuata jina la ndege ambaye hakuwahi kumfuga? Kamusi lako lile lisilo jalada, kikaratasi kimoja kwa kila maana, na mwandiko uliokuwa hauna haraka. Nikikuletea chai unaniuliza: "Asya, unajua alipolitoa jina?" Nilikuwa najua, ulikwisha kunieleza mara mia, lakini nilisema sijui ili unieleze tena. Hiyo ilikuwa zamani, kabla sijawa mtu wa kuona haya.

Kisa chake nakieleza mwenyewe leo, sikiliza kama nimekosea. Mwanzo Waingereza walimwita hivyo kanga wetu, yule ndege wa madoadoa wa Afrika, kwa kuwa aliwafikia kwa mikono ya wafanyabiashara wa nchi za Waturuki na wao wakadhani ndiko kwao. Halafu akaja ndege mwengine, mkubwa, kutoka Amerika. Wakamfananisha na yule wa kwanza, wakampa jina lile lile. Kanga akanyang'anywa jina ambalo hata halikuwa lake, akabandikwa la Guinea. Yule wa Amerika akabaki Mturuki mpaka leo. Waturuki wenyewe wanamwita wa Hindi, na Wafaransa pia wa Hindi. Waarabu wanamwita dik rumi, jogoo wa Rumi, na wako wanaosema jogoo wa Habeshi. Sisi tunamwita bata mzinga, nawe ulikuwa ukisema sisi tu ndio wenye adabu, hatukumsingizia nchi. Mwisho wakaja Wamarekani, wenye ndege wao, wakaligeuza jina kuwa tusi: mtu mpumbavu, au mchezo wa kuigiza ulioanguka. Kikaratasi cha tusi ulikiandika kwa penseli, ukakiwekea alama ya kuuliza.

Hukupenda nikikukumbusha siku ya sabla, lakini pasipo siku ile hakuna haya yote. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza. Ili tupate pasipoti ilitakiwa shekhe wa kabila atie muhuri kwamba babu yako alitoka hapa. Binamu Nassor, aliyezaliwa na kukulia huku, akatupakia kwenye pikapu yake mpaka kijijini, wewe na koti lako juu ya kanzu na mwavuli mkononi, jua linawaka. Wanaume mkaingia sabla, chumba chao cha kupokelea wageni. Mimi nikakaa na wanawake chumba cha pili, dirisha baina yetu. Nikasikia tende zinapita, kahawa inapita, kisha mzee mmoja akakuuliza ulumu, yaani habari za huko utokako. Nassor hakukumbuka kukufunza. Kila mtu wa hapa anajua kwamba jawabu ni moja tu: hakuna habari, kheri tupu. Hata kama umemzika mwanao njiani unasema hakuna habari, na ya kweli yanakuja baadaye, polepole, mtu na mtu. Wewe uliulizwa habari, ukazitoa.

Ulizitoa zote, Baba. Kwa Kiarabu chako cha Msahafu ukaanza na babu yako alivyoondoka, ukaingia mapinduzi, ukamtaja Mama na mahali alipofia, ukaitaja skuli yako na vitabu ulivyoviacha kabatini. Vikombe vikaacha kupita. Halafu labda uliona umewatia simanzi, ukataka kuwafariji, maana ukawaambia: kule tulikuwa Wamanga, yaani watu wa Oman, hapa mnatuita Zinjibari, watu wa Unguja, na mimi nitawapa kisa cha ndege mmoja. Ukawapa. Walicheka mpaka mtu mmoja akapaliwa na kahawa. Wanawake niliokaa nao wakacheka pia, wakanigeukia wanitazame. Muhuri tulipewa siku ile ile, mzee kipofu aliyekuwa pembeni alilikumbuka jina la babu yako. Lakini tulipokuwa tunatoka mmoja wao akatuaga, "Fi amani llah, ya Dik Rumi," na jina likapanda nasi kwenye pikapu likaja mpaka Ibra.

Wewe hukuona vibaya. Wakikuita Dik Rumi sokoni unaitika naam. Wakikuomba kisa unakaa juu ya gunia la mchele unakianza upya, kila siku na nyongeza yake. Mimi nilikuwa nyuma yako hatua kumi, natazama vitambaa ambavyo sikuwa na nia ya kuvinunua. Nilisikia dhihaka katika kila sauti. Nilipopata kazi ya kusomesha Kiingereza skuli ya wasichana, dua yangu ya kwanza ilikuwa jina lile lisivuke ukuta wa skuli. Wenzangu walikuwa walimu wa Kimisri, wana vyeti na viatu vizuri, wasichana wakituita sote abla, yaani mwalimu wa kike, na mimi nilitaka niwe mtu asiyekuwa na kisa.

Sasa nafika nilipokuwa napakimbia.

Wiki nzima ulikuwa unaniomba dakika kumi uwaeleze wasichana wangu habari za neno lile. Nikakwambia mwanamume haruhusiwi kuingia. Ilikuwa kweli, lakini hukuona jinsi nilivyofurahi kwamba ni kweli. Basi ukaliandika somo lote, kurasa nne, kwa herufi kubwa za ubaoni, ukasema nitalisoma mwenyewe. Asubuhi nikaondoka limebaki juu ya meza. Sikulisahau, Baba. Nililiacha. Wewe ukadhani nimesahau, ukanifuata nalo kwa miguu, saa sita ya mchana, mwezi wa Mei.

Bawabu akakusimamisha langoni. Nilitoka na wasichana watatu nyuma yangu, nikakuona umeegemea ukuta, koti limelowa jasho, midomo mikavu, na unatabasamu. Shamsa, yule msichana mwembamba anayekaa dawati la mbele, akaniuliza: "Abla, huyu Dik Rumi ndiye baba yako?" Nami nikajibu kwa Kiarabu, sauti yangu ya darasani: "La. Jirani yetu."

Ulikuwa hatua mbili tu. Nilikuona ulivyosikia. Tabasamu halikuondoka, ulilishikilia tu, kama mtu anavyoshikilia kofia kwenye upepo. Ukaninyoshea karatasi kwa mikono miwili ukasema kwa Kiarabu, wewe ambaye tangu nizaliwe hukuwahi kusema nami ila Kiswahili: "Amana yako, ustadha." Kisha ukageuka ukaenda zako kwa ile njia isiyo na kivuli. Uliutimiza uongo wangu mbele ya watoto wa watu, ili mimi nisiaibike.

Nilirudi nikakukuta umelala. Ulipoamka uliniuliza kama nimekula. Siku nyengine nilijaribu, tumekaa ukumbini, nikaanza, "Baba, siku ile langoni," nawe ukanikatiza, "Kunywa chai, inapoa." Nikainywa. Nilishukuru hata, Mungu anisamehe, nikadhani yamekwisha. Siku ya kumi na tisa tangu ile ya langoni ulijilaza baada ya adhuhuri, na alasiri ilipoadhiniwa hukuamka.

Watu wa wadi, bonde letu hili, walikuja kuzika, Baba, wengi kuliko nilivyowajua. Nassor aliniambia kila aliyempa mkono wa tanzia alisema, Mungu amrehemu Dik Rumi. Nikataka kutoka niwafukuze. Nilikuwa bado nasikia kicheko. Kaburi lako lina mawe mawili kama ya wanaume wote wa hapa, hayakuandikwa kitu. Wewe uliyekuwa unaandika hata bei ya sabuni.

Mwezi uliopita walitupeleka Nizwa, mafunzo ya walimu, siku tatu. Mchana nikaingia duka kubwa jipya lenye mafriza. Nilikuwa natafuta maziwa. Nikainamia friza nikamwona yeye, amekunjwa ndani ya nailoni, mgumu kama jiwe, na juu yake majina mawili, la Kiingereza na la Kiarabu. Miaka yote ile, na mara yangu ya kwanza kumwona ndiyo hiyo. Nilisimama pale vidole vimeshika chuma cha baridi mpaka mwenye duka, mtu wa Hindi, akaja kuniuliza nataka mkubwa au mdogo. Nikamuuliza kwao wanamwitaje. Akasema kwao wanasema piru. Piru, Baba, jina la nchi nyengine kabisa, la huko huko Amerika, na wewe hukuwa nalo. Nililigeuza jina mdomoni, nikaona tayari niko njiani kuja nyumbani kukwambia, nakuona unavyotafuta penseli, na hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni kwa watu. Wakaniletea kiti. Jina ninalo mpaka sasa na sina wa kumpelekea.

Niliporudi nilisema nitalisomesha somo lako. Wiki iliyopita nikaingia na kurasa nne, nikazisoma neno kwa neno, na mahali ulipoandika "hapa wanafunzi watauliza kwa nini" nikanyamaza, nao kweli wakauliza. Mwisho nikawaambia: aliyeandika haya ni baba yangu, mnamjua, mlikuwa mkimwita Dik Rumi. Nikasimama nangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini, labda wanicheke ili nilipe. Hakuna aliyecheka. Wakamaliza kunakili, kengele ikalia, wakatoka.

Shamsa alibaki. Akaniambia: "Abla, sisi tulijua. Mna uso mmoja. Siku ile nilikuuliza kwa sababu nilitaka kumletea maji na kiti, miguu yake ilikuwa inatetemeka. Niliona haya kumwendea baba wa abla bila ruhusa yako. Uliposema jirani, nikadhani hutaki nimwendee."

Akaniambia pia kwamba babu yake alikuwa sabla siku ile. Kwamba kwao hawajawahi kumsikia mgeni akiwapa habari za kweli kwenye kikombe cha kwanza, na walikuita vile kwa sababu walikupenda. Nilimsikia, lakini nilikuwa nimebaki kwenye maji.

Maji, Baba. Miezi minane nilidhani nimekunyima jina tu. Bilauri ilikuwa karibu, mtoto wa watu alikwisha kuinua mguu akuletee, nami nikamzuia kwa neno moja. Ukarudi nayo ile kiu njia nzima na hukuniambia. Naamka nalo, nasomesha nalo, nakula nalo. Shangazi anasema muda utalipunguza. Muda umepita, na kila siku unaniongezea jambo ambalo sikulijua.

Sikuombi radhi, maana wa kunipa hayupo, na ungekuwapo ungeniambia chai inapoa. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo na kimechelewa: yeyote atakayeniuliza mimi ni wa nani, nitamwambia wako, kabla hajamaliza kuuliza, mbele ya yeyote aliyesimama hapo. Neno hilo halitakufikia wala halitakutuliza kiu. Nitalisema hivyo hivyo.

Kwaheri, Baba. Mimi si jirani.

Binti yako,
Asya