Nembo kwenye Bango Letu

Mwenzangu, mwenyekiti wetu kawatolea uvivu wafadhili!! Mchana kweupe!

Si unajua tunaandamana leo, kiwanda kimefukuza wajawazito? Afisa wa wafadhili kaja asubuhi eti, "Ahirisheni hadi Alhamisi, bosi anatoka ng'ambo, anataka picha."

Picha! Wenzetu wamefukuzwa, yeye picha!

Mwenyekiti unamjua. Fundi cherehani yule, mkasi haumtoki mkononi. Kaikata nembo yao kwenye bango, ile kubwa kuliko madai yetu, kaikunja, kamkabidhi. "Chenu hicho. Alhamisi mkipige picha."

"Na ruzuku ya mwakani?"

"Mimba haingoji ruzuku, mama."

MIMBA HAINGOJI RUZUKU!!

Sasa tuko getini kiwandani. Bango lina tundu, na mwenyekiti kachomoza kichwa humo. Palipokuwa na nembo pana uso wake, na unapiga kelele.